Bomba la Hatua Tatu

Siku koki ya zahanati ilipofunguliwa, Cheche alikuwa na gitaa mbele ya kipaza sauti, na mimi nilikuwa nyuma yake kwenye ngoma. Naanzia hapo makusudi. Watu wakisimulia habari hii huanzia kwenye ushujaa, na ushujaa ulichelewa sana kufika. Kwanza tuliupamba uongo, tena kwa moyo mweupe.

Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake imepakana na kibanda changu cha kunyolea, na ukuta kati yetu ni bati moja tu. Kwa miaka kumi na moja nimenyoa vichwa vya watu huku mashine yake ikikwaruza na yeye akiimba kwa sauti ya kuishinda. Ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na chuma. Tulikuwa tukipiga muziki pamoja kwenye harusi na mahafali, na ingawa hatukuwa na jina kubwa, mtaani kwetu Cheche akitunga wimbo Jumatatu, Jumatano utausikia kwa mama anayefua.

Mtaa wetu uko bondeni. Juu yetu kuna kilima chenye nyumba za kuta ndefu, na bomba kuu la maji hupita kando ya barabara kwenda huko. Maji yalikuwa yakitupita sikioni. Ukisimama pale asubuhi kukiwa kimya, ungeyasikia yakipanda kwa wenyewe. Zahanati yetu haikuwa na hata tone. Mkunga wake ni dada yake Cheche, mtoto wa kwanza wa mama yao, na mtaa mzima unamwita Dada Mkunga, hata wanaomzidi umri.

Mheshimiwa alipokuja kuomba kura, aliahidi kuleta maji zahanati kabla ya kitu kingine chochote. Wengi wamewahi kutuahidi mambo, lakini huyu alikaa na Dada Mkunga kwenye benchi ya wajawazito, akamsikiliza, akaandika kwenye kijitabu. Cheche aliona hilo kwa macho yake na likamwingia. Alitunga wimbo bila kuombwa na mtu, na akautoa bure:

*Geuza koki geuza, maji yaja mlangoni,*
*Aliyesema kaleta, si maneno ya kinywani.*

Ulikuwa rahisi kama kupiga makofi. Mheshimiwa aliupenda, akaurekodi kwa sauti zetu, ukawa unapigwa kwenye kila gari lake la matangazo. Akashinda. Na kweli, mwaka haukuisha kabla hajaja kufungua koki. Ilisimama nje ya ukuta wa zahanati juu ya kijiguzo cha saruji, imefungwa utepe. Sisi tukapiga, yeye akakata utepe, akageuza, na maji yakaruka kwa nguvu mpaka yakamlowesha viatu. Watu walilia. Mama yao Cheche, ambaye mimi pia namwita Mama, ndiye aliyepewa bilauri ya kwanza. Alikunywa yote, na picha yake akinywa ikapigwa. Baadaye ilibandikwa kwenye kuta za mji mzima. Dada Mkunga akaletewa karatasi ya kuthibitisha kwamba zahanati imepokea maji, akaiwekea saini kwenye mgongo wa mtu, maana meza haikuwepo.

Siku ya pili maji yalikuwa hafifu. Siku ya tatu koki ilikohoa, ikanyamaza.

Tuliambiwa ni msukumo, ungerekebishwa. Ukapita mwezi, ikapita miezi mitano. Wajawazito waliendelea kuja na madumu yao, na asiyekuwa na mtu wa kumbebea alikuja mikono mitupu. Dada Mkunga aliandika barua tatu kwa idara ya maji. Zote zilijibiwa kwa adabu: kumbukumbu zinaonyesha zahanati ina maji tangu tarehe fulani, na nakala ya saini yako tunaiambatanisha.

Siku moja saa sita mchana alikuja kibandani kwangu, akamkuta Cheche kwenye kiti, nimemnyoa upande mmoja. Alikuwa bado na sare yake ya kazi. Hakukaa. Alimwambia mdogo wake kwamba asubuhi ile amemwosha mtoto mchanga kwa maji ya kunywa ya mlinzi, nusu chupa, na mama mtu amebaki na damu mpaka nduguze walipoleta dumu.

"Nilipoambiwa nitie saini nilisita," alisema. "Nilitaka kusubiri wiki moja kwanza nione. Halafu ukaanza kuimba, mdogo wangu, na watu wote wakawa wananiangalia wakicheza. Nikaona aibu kuwa mimi tu ndiye nisiyecheka."

Akaondoka. Cheche hakuniruhusu kumalizia upande wa pili. Aliingia karakana akachukua sururu, koleo na spana kubwa, akaniambia nifunge kibanda. Alidhani bomba limeziba au limepasuka mahali, na kazi ya bomba anaijua. Alisema kama idara haitaki kuja, yeye atakuja.

Tulianza kuchimba chini ya koki. Ardhi ilikuwa laini, jambo ambalo lilimshangaza kidogo. Tulilifuata bomba kuelekea ukutani, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ya siku mbili mpaka barabarani. Haikufika saa moja. Bomba lilikwenda hatua tatu, likapenya chini ya ukuta wa zahanati, likapinda, likachomoza upande wa pili nyuma ya pipa la taka. Hapo mwisho lilikuwa na pua ya kuvalishia mpira wa maji. Basi. Hakukuwa na kitu kingine. Udongo mbele yake ulikuwa haujaguswa tangu dunia iumbwe.

Cheche alichuchumaa akaligusa lile tundu kwa kidole kama daktari. Mimi ndipo nikakumbuka kwamba siku ya sherehe, nilipokwenda nyuma kukaza ngozi ya ngoma, niliona lori la tangi limeegeshwa pale. Lilibaki pale mpaka siku ya tatu, nami nilidhani limeletwa kumwagilia vumbi. Nilimwambia. Aliupangusa udongo kidoleni. Kisha alisema taratibu kwamba lori lina injini, na injini ina kelele, na watu wangeisikia kama pasingekuwa na kitu cha kuifunika. Akanitazama. Nikaelewa kwa nini siku ile tuliambiwa tupige kwa nguvu na tusisimame mpaka tupewe ishara.

Sijawahi kumwona mtu akiona haya peke yake namna ile. Alipiga picha za bomba kwa simu, moja baada ya nyingine, akaweka spana pembeni mwa bomba ili urefu uonekane. Hakulifukia.

Kabla ya kuimba lolote alikwenda kwanza ofisini kwa Mheshimiwa, kwa sababu alitaka kumpa nafasi mtu huyo ya kusema. Hakumwona. Alionana na msaidizi wake, bwana mmoja mwenye kicheko kisichozimika ambaye sisi tulimwita Tabasamu. Huyo alimkaribisha vizuri na akamsikiliza. Hakukataa kitu. Alisema bomba halisi lipo kwenye mpango, tatizo lilikuwa tarehe, wageni walikwisha alikwa na koki ilibidi itoe maji. Halafu akamwambia Cheche kwamba ofisi inafikiria kuunda kikundi cha muziki, chenye vyombo vipya, na kwamba kiongozi wake hawezi kuwa mtu mwingine. Cheche alimuuliza swali moja tu: je, mtoto aliyeoshwa kwa nusu chupa naye yuko kwenye mpango?

"Fundi, wimbo ni wimbo tu," Tabasamu alimjibu. "Watu walifurahi, wewe ukapigiwa makofi. Nani aliumia?"

Cheche aliniambia kwamba hapo ndipo hofu ilipomtoka. Alishuka ngazi akijua kwamba ataimba.

Maneno ya kwanza aliyoyatunga yalikuwa matusi matupu. Alinisomea kibandani, nikacheka mpaka nikaweka wembe chini. Alipomsomea dada yake, yeye hakucheka. Alimwambia kwamba matusi yakishachekwa yamekwisha, na kesho yake Mheshimiwa ndiye atakayeonekana ameonewa. "Sema ulichokichimba," alisema. "Na uanze na wewe mwenyewe. Usipojitaja, nani atakuamini?"

Alihangaika na hilo siku nne. Sauti ya wimbo hakuibadilisha, ile ile ya zamani, kila mtu alikuwa nayo tayari kichwani. Alibadilisha maneno tu:

*Nami ndiye niloimba, sikuchungulia ndani,*
*Bomba la hatua tatu, lakomea ukutani.*
*Geuza koki geuza, maji yamo gazetini,*
*Kule juu waogesha magari na bustani.*
*Huku mwana azaliwa, aoshwe chupa ya nani?*

Aliyepinga alikuwa Mama. Alisema hakuzaa watoto wawili ili mmoja afukuzwe kazi na mwingine afungwe kwa ajili ya koki. Alisema Mheshimiwa alimshika mkono kwa mikono miwili, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwa ametudanganya, huenda wamemdanganya yeye. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba uso wake uko kwenye kuta za mji mzima, na kama maji yale ni ya uongo basi na yeye ni nini? Cheche alimsikiliza mpaka mwisho. Mtu hajibizani na mamaye. Lakini alipomaliza, alimwomba radhi mapema kwa jambo ambalo atalifanya kesho.

Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo. Asubuhi, akina mama zaidi ya mia walikuwa kwenye foleni nje ya zahanati, na shimo letu lilikuwa wazi mbele yao. Cheche alisimama kando ya shimo na gitaa, mimi nikaweka ngoma moja chini. Alipopiga sauti ya kwanza wengi walikunja nyuso, kwa sababu waliujua wimbo na walikwisha uchoka. Kisha wakasikia maneno. Mstari wa kwanza, pale anapojitaja, mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alisema, "Haya, leo kasema." Tulipofika mara ya tatu hatukuwa tunaimba sisi, walikuwa wanaimba wao. Simu zilikuwa juu. Baada ya wimbo walikuja mmoja mmoja kuangalia shimoni, na kila aliyeangalia alipiga hatua tatu kando yake kuhakikisha.

Ndani ya wiki moja wimbo ulikuwa umetutangulia kila mahali. Niliusikia kwa wapaka rangi waliokuwa juu ya ngazi. Niliusikia kwa mteja mgeni kabisa ambaye hakujua kwamba anayemnyoa ndiye mpiga ngoma. Hata wafanyakazi wa ndani wa kule kilimani waliuimba wakiosha magari, na mstari wa magari waliurudia mara mbili.

Siku ya kumi askari walimchukua Cheche. Kosa lilikuwa kuharibu mali ya umma, yaani bomba la zahanati. Walichukua na gitaa kama kielelezo. Alikaa kituoni siku mbili. Mimi nilikwenda kutoa maelezo kwa sababu na mimi nilichimba, na nilikuwepo askari mzee alipokuwa akiandika jalada. Alimuuliza Cheche ni bomba la urefu gani ameliharibu. Cheche alimjibu kwamba hatua tatu. Akamuuliza, kutoka wapi mpaka wapi? Kutoka kwenye koki mpaka nyuma ya pipa la taka. Askari aliandika, akasoma alichoandika, akaweka kalamu chini. Alisema kwamba hili likifika mahakamani, itabidi mahakama ipelekwe kuliona bomba. Alikwenda ndani kuzungumza na mkubwa wake. Jioni hiyo Cheche aliachiwa. Gitaa halikurudi.

Wakati huo Dada Mkunga naye hakulala. Aliandika barua ya nne, safari hii kwa idara, kwa wakaguzi wa afya, na kwa magazeti mawili. Aliandika kwamba saini ni yake, kwamba aliiweka bila kuhakikisha, na kwamba anaifuta. Aliambatanisha picha ya bomba na spana. Aliipeleka posta mwenyewe. Alikuwa amekwisha piga hesabu kwamba wakimfukuza atawazalisha watu majumbani mwao, ambako angalau kuna madumu.

Na Mama? Siku mwanawe alipotoka kituoni, aliomba apelekwe zahanati. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale tangu tuchimbe. Alisimama kwenye ukingo wa shimo, mkono kwenye bega langu, kisha akalipima bomba kwa miguu yake mwenyewe, hatua moja baada ya nyingine. Alipofika ukutani alitulia. Akasema kwa hatua zake za kizee si tatu, ni nne na nusu, kwa hiyo tusimzidishie mtu uongo. Sote tulicheka, yeye hakucheka. Kisha alirudi nyumbani.

Uchaguzi ulipokaribia, Mheshimiwa alirudi. Jumamosi saa nne asubuhi alisimamisha jukwaa uwanja wa shule, na gari la matangazo likazunguka mtaani likipiga ule wimbo wetu wa zamani. Mpaka leo sijui ni kiburi au ni uzembe. Pengine hakuna aliyethubutu kumwambia. Sisi tulikwenda kama watu wengine, bila gitaa, bila ngoma. Mama alikwenda mapema, amevaa fulana yenye sura ya Mheshimiwa aliyogawiwa kampeni iliyopita, akakaa mstari wa mbele. Cheche alipomwona pale alitazama chini.

Mheshimiwa alipanda jukwaani na spika zikaachiwa. Ikatoka sauti ya Cheche ya zamani, na ngoma yangu: *Geuza koki geuza.* Uwanja wote ukaitikia, *maji yamo gazetini.*

Kwanza alidhani wanashangilia, akawa anapunga mkono. Uwanja ukaendelea. Spika ilisema maneno yake, watu wakasema yao, kwa sauti ile ile na mwendo ule ule, na ngoma yangu mwenyewe ikawapigia. Kando yangu Cheche hakuwa anaimba. Alikuwa amefumba mdomo, machozi yanamtoka. Walipofika kwenye hatua tatu, watu walipiga kweli hatua tatu mbele, maelfu kwa pamoja, na askari waliokuwa mbele ya jukwaa wakarudi nyuma.

Tabasamu alikimbia kuzima spika. Ikawa vibaya zaidi, maana sasa yalisikika maneno ya watu peke yake. Mheshimiwa, ambaye si mjinga, aliinua mikono akasubiri watulie. Akatafuta uso anaoujua. Akamwona Mama. Alishuka jukwaani na kipaza sauti mkononi, akaenda kumshika bega, akawaambia watu wamsikilize huyu mzazi wetu ambaye alikuwa wa kwanza kuyanywa maji yale, yeye ni shahidi. Akamwekea kipaza sauti mdomoni.

Mama alinyanyuka taratibu.

"Mwanangu," alisema, "nilikunywa yale maji mbele yako. Yalikuwa ya lori. Mbona hukuniambia?"

Alibaki amesimama. Alisubiri jibu kama mama anavyosubiri jibu la mtoto wake, bila hasira, akimtazama usoni. Mheshimiwa alitazama upande wa Tabasamu. Kisha akarudisha kipaza sauti kifuani kwake, na kwa kuwa kilikuwa bado kinafanya kazi, tulimsikia akipumua. Mkutano uliishia hapo, hakuna aliyeufunga. Watu waliondoka tu.

Nisiwadanganye kwamba alianguka. Alishinda tena, kwa kura za maeneo ambako wimbo haukuwa umefika, ingawa kwenye vituo vya bondeni alipata kura za kuhesabu kwa vidole. Cheche alinyang'anywa kazi ya mageti ya shule aliyokuwa ameahidiwa. Dada Mkunga alihamishwa zahanati ya mbali, kisha barua ya uhamisho ikafutwa baada ya akina mama kukaa sakafuni kwenye ofisi ya idara siku mbili, watoto mgongoni. Gitaa lilirudi miezi mitatu baada ya uchaguzi, shingo imevunjika, na hakuna aliyekubali kwamba ameivunja.

Lakini mtaro ulichimbwa. Wiki tatu baada ya mkutano ule walikuja mafundi wa idara na mashine, wakaanzia kwenye bomba kuu kule barabarani. Hakukuwa na sherehe. Watu walifuatana nao kila siku wakipima, na Cheche alishuka mtaroni kukagua kila kiungo, mafundi wakamzoea hadi wakawa wanamwomba ushauri. Maji yanatoka kila siku asubuhi, saa mbili au tatu hivi, kisha yanakatika. Hayatoshi. Dada Mkunga ameshaandika barua ya tano kuhusu hilo, na safari hii hawezi kuambiwa kwamba alitia saini, kwa sababu amekataa kutia.

Mwezi uliopita walikuja walimu wawili kutoka mtaa wa ng'ambo ya reli. Walisema wana barabara mpya, imezinduliwa kwa mbwembwe, na baada ya mvua moja inabanduka. Walitaka Cheche awatungie wimbo. Aliwauliza kama wameichimba. Walisema bado. Aliwaambia hatungi kitu ambacho hajakiona, alishawahi kufanya hivyo mara moja.

Nilikwisha anza kufunga kibanda. Tulikwenda nao mchana ule ule, na mbele ya watu waliokusanyika Cheche alipiga magoti pembeni mwa barabara, akatia patasi kwenye lami na kugonga nyundo mara moja. Kipande kilitoka kizima. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza upande na upande, akaniomba nimpe futi apime unene wake.